Sura ya Nne: Bikoni Kabla ya Msingi

Familia changa ya Dar es Salaam kwa kawaida huanza maisha kwenye chumba na sebule. Nyumba ina wapangaji wanne au watano, choo kiko uani, Luku ni moja na kila mlango unachangia, na mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima. Dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja kwa kuwaonyesha mlango. Kwa hiyo chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi hutaka shilingi 1,050,000 taslimu kabla godoro halijaingia ndani. Miezi sita ikiisha zinatakiwa 900,000 nyingine, na mwenye nyumba akipandisha kodi au mtoto wa tatu akizaliwa, msako unaanza upya na dalali analipwa upya. Ugumu huo unajulikana. Lisilotazamwa vya kutosha ni kwamba fedha hizo hupatikana. Mama anauza vitenge, baba anaendesha bajaji, wanacheza upatu, wanakopa kwenye kikoba, na kila baada ya nusu mwaka wanamkabidhi mtu mwingine karibu milioni moja. Watu wanaoweza kufanya hivyo mwaka hadi mwaka wana nguvu ya kujenga. Swali la sura hii ni wapi nguvu hiyo inapopotelea.

Jibu ninalolitetea ni hili: inapotelea kwenye ardhi. Familia ya aina hii inaweza kujipatia nyumba mjini, na nyingi hujipatia, bila benki na bila mradi wa serikali. Inachokosa ni kiwanja kidogo kilichopimwa mapema, chenye njia ya gari na bomba la maji, kwa bei inayolingana na akiba yake. Kwa miongo mingi tumehangaika kutafuta namna ya kuiuzia nyumba iliyokamilika, ambayo haiwezi kuinunua, huku tukichelewa kuitafutia ardhi iliyopangwa, ambayo ingeimudu. Serikali na halmashauri zikigeuza mpangilio huo, zikaweka bikoni za mipaka ya viwanja kabla watu hawajachimba msingi, zitawasaidia wengi zaidi kuliko punguzo lolote la riba.

Tuanze na mkopo wa nyumba, kwa kuwa ndiyo njia inayosifiwa zaidi. Chukua nyumba ya vyumba viwili ambayo mnunuzi wake anahitaji mkopo wa shilingi milioni 60. Riba za mikopo ya nyumba nchini katika miaka ya karibuni zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Tuchukue iliyo nafuu, yaani 15, na muda mrefu wa miaka 20. Rejesho la mwezi linafika takriban shilingi 790,000, na hadi deni liishe mkopaji atakuwa amelipa karibu milioni 190, zaidi ya mara tatu ya alichokopa. Sasa weka hesabu hiyo mbele ya watumishi wawili wa kima cha chini cha mshahara serikalini, kilichopandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Mume na mke wakiunganisha mishahara yao wanapata milioni moja kabla ya kodi na mchango wa pensheni. Utaratibu wa utumishi hauruhusu makato yamwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Hata pasingekuwa na makato mengine yoyote, wote wawili kwa pamoja wangeweza kukatwa shilingi 667,000 tu. Rejesho haliingii. Na hao ni watu wenye ajira ya kudumu na hati ya mshahara mkononi. Mama lishe, fundi cherehani, kinyozi na dereva wa bodaboda, ambao ndio wengi mjini, hawafiki hata kwenye meza ya kujadili rejesho.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kuwakopesha wajenzi wa kawaida, ikafungwa mwaka 1995 ikiwa imelemewa na madeni. Mwaka 2008 ilitungwa sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, na sheria nyingine ikaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo la ghorofa. Mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Hatua hizi zilikuwa na maana, na riba zilizokuwa zikivuka asilimia 20 zimeshuka kiasi. Hata hivyo mikopo yote ya nyumba nchini bado haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, na wakopaji wanahesabika kwa maelfu machache katika nchi yenye zaidi ya watu milioni 60. Magomeni Kota inaonyesha ugumu huo kwa karibu. Serikali ilijenga pale maghorofa kwa ajili ya kaya 644 zilizohamishwa, yakafunguliwa Machi 2022. Ardhi ilikuwa ya serikali na ipo katikati ya jiji. Hata hivyo bei waliyopangiwa wakazi waliotaka kununua kidogo kidogo ilikuwa takriban shilingi milioni 48 kwa nyumba ya chumba kimoja na milioni 56 kwa ya vyumba viwili. Zege, nondo, ngazi na mabomba ya ghorofa vina gharama ambayo hata nia njema ya serikali haiwezi kuifuta.

Sasa tazama jinsi jiji linavyojengwa kwa kweli. Mtu ananunua kiwanja, kisha anakaa. Mwaka unaofuata analeta tripu ya mchanga na mifuko kadhaa ya saruji, fundi anafyatua matofali palepale, yanapangwa pembeni na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Linafuata shimo la msingi, kisha jamvi. Kuta zinapanda hadi kwenye lenta, na hapo kazi husimama, pengine miaka miwili au mitatu, kwa sababu kupaua hakugawanyiki: mbao, bati na fundi vinataka fedha kwa wakati mmoja. Majani yanaota ndani ya boma na ncha za nondo zinashika kutu. Siku bati linapopigwa, familia inahamia. Chumba kimoja kimetiwa mlango na grili, madirisha ya vingine yamezibwa kwa matofali yasiyo na udongo, sakafu bado ni ya kukwaruza miguu. Plasta itakuja, dari itakuja, vigae vitakuja mtoto wa kwanza akiwa sekondari. Mpita njia akiona boma lililosimama hudhani ni uzembe au umaskini. Kumbe ndiyo benki ya mwenye nyumba. Fedha ikikaa mkononi hupata wenyewe wengi, ada, msiba, ugonjwa wa ndugu kijijini. Ikishakuwa tofali imetulia. Haina riba, haina dhamana, na hakuna wa kuja kuinadi mwenye nyumba akikosa kazi miezi mitatu.

Njia hii ina kasoro zake. Saruji inayonunuliwa mfuko mmoja mmoja ni ghali kuliko ya jumla, fundi asiyesimamiwa hupunja kipimo cha zege, na miaka inayopita kati ya msingi na bati ni miaka ya kulipa kodi kwa mwenye nyumba mwingine. Hata hivyo ndiyo njia iliyowapa paa wakazi wengi wa jiji, na imefanya hivyo kwa kiwango ambacho shirika lolote la nyumba halijawahi kukikaribia. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwakuta 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja ndani ya miaka kumi, laki moja kila mwaka. Tukikadiria watu wanne kwa kaya, ni kaya mpya 25,000 kwa mwaka, mbali na zile zilizovuka mpaka kwenda Kibaha na Mkuranga. Wote hao wamepata pa kulala, na waliowapatia ni mafundi wa mtaani, akina baba na akina mama waliojibana, na wenye nyumba walioongeza vyumba uani.

Kasoro kubwa iko kabla ya tofali la kwanza. Kiwanja ambacho akiba ya kawaida inakifikia hupimwa kwa miguu: muuzaji anatembea hatua 20 kwa 20 kwenye shamba la mihogo, anachomeka matawi pembeni, na mauziano yanaandikwa kwenye karatasi mbele ya mashahidi, kisha hugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba fedha zimetolewa. Haithibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi, wala kwamba hajamuuzia mwingine, wala kwamba pale hapajapangwa kuwa barabara au shule. Mara nyingi ina jina la mume peke yake, na mke aliyeuza vitunguu ili kiwanja kinunuliwe anakuja kugundua siku ya msiba kwamba hana pa kuanzia kudai. Makadirio ya kawaida yanasema wakazi saba hadi wanane katika kila kumi wa Dar es Salaam wanaishi kwenye makazi ambayo hayakupangwa. Wengi wao wana nyumba za matofali na bati zilizo imara kabisa. Walichokosa ni mpango wa ardhi iliyo chini ya nyumba hizo.

Matokeo ya kukosa mpango huo yanajulikana kwa majina ya mitaa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu kwenye bonde la Msimbazi, na baadhi wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na soko na kazi walizozizoea. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibamba, zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mtu anaweza kusema sheria ilikuwepo na watu waliivunja. Ni kweli ilikuwepo. Lakini familia iliyotumia miaka kumi kupandisha kuta haikufanya hivyo kwa kuidharau sheria. Haikuwa na mahali pengine palipopimwa ambapo fedha yake ingetosha. Hata pasipobomolewa, kuchelewa kuna bei yake. Barabara ikitakiwa kupita kwenye mtaa uliokwisha kujaa, lazima ukuta wa mtu uvunjwe na fidia ilipwe. Bomba la maji linapinda kutafuta upenyo, gari la zimamoto halifiki, na wagonjwa hubebwa mgongoni hadi kwenye lami. Urasimishaji wa makazi ulioenea jijini katika miaka ya karibuni unawapa watu hati, na hati ni kitu cha thamani, lakini mpima anayekuja baada ya nyumba anaweza tu kuandika kilichopo. Upana wa barabara hauwezi kupatikana tena ila kwa kuombana kipande cha uwanja, jirani kwa jirani.

Tunao ushahidi wa kinachotokea mpima anapotangulia, na umo ndani ya jiji hilihili. Katika miaka ya 1970, baada ya kuona kwamba kuvunja nyumba za zamani na kujenga mpya kwa fedha za umma hakuendi popote, serikali iligeukia mradi wa viwanja na huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni zilichorwa zikiwa bado mashamba na vichaka. Viwanja vingi vilikuwa vidogo, karibu mita za mraba 300, vikiwa na barabara na maji ya msingi, na mwenyewe akaachiwa ajenge kwa uwezo wake. Wakati huohuo, mitaa iliyokuwa imekwisha kujengwa kama Manzese iliboreshwa kwa kupitishiwa barabara na mabomba. Takriban miaka 40 baadaye, mtafiti Guy Michaels na wenzake walilinganisha maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania kwa kutumia picha za setilaiti na takwimu za kaya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2021. Maeneo yaliyopimwa yakiwa matupu yalikuwa na nyumba kubwa zaidi, zilizopangika zaidi na zenye huduma bora kuliko maeneo jirani yaliyojengwa bila mpango. Yale yaliyoboreshwa baada ya watu kujenga hayakuonyesha nafuu ya namna hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema wahenga. Hapa ufa ni upana wa barabara, na ukuta wa kujengwa upya ni wa mtaa mzima.

Msomaji makini atauliza kama Sinza ilifanikiwa kwa sababu ya mpango au kwa sababu wenye kipato waliinunua. Ni swali la haki, na watafiti wenyewe walikiri kwamba wakazi wa leo wa maeneo hayo wana elimu zaidi, na kwamba hilo linaeleza sehemu ya tofauti. Wapo walengwa wa mwanzo waliouza na kuondoka. Lakini linaloshusha nguvu ya pingamizi hili ni lile ambalo fedha za mtu mmoja haziwezi kununua. Tajiri akihamia katikati ya Manzese anaweza kujenga ghorofa, hawezi kunyoosha barabara. Aliyeuza kiwanja Sinza aliondoka na thamani ambayo mpango ndio ulioitengeneza, na nyingine ikabaki kwa wapangaji wanaoishi mtaa wenye maji, mifereji na daladala. Fundisho la watu kununua na kuwatoa walengwa ni kwamba viwanja vilikuwa vichache mno. Kitu kizuri kikiwa kimoja sokoni, mwenye fedha ndefu ndiye atakayekipata, hata ukikiandikia masharti gani.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, unathibitisha fundisho hilo kwa pande zote mbili. Ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Boko, Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Mwanagati na Buyuni, na mwishowe viwanja vilizidi lengo lililowekwa. Ulianza kwa mkopo kutoka Hazina, na mauzo ya viwanja yakarudisha mkopo huo. Hilo pekee linajibu pingamizi la kwamba serikali haina fedha za kupima: upimaji ukiendeshwa vizuri hujilipa, kwa kuwa shamba likishapata barabara na bikoni thamani yake inapanda, na sehemu ya thamani hiyo ndiyo inayolipa gharama. Udhaifu wa mradi ulikuwa kwingine. Viwanja vingi vilikuwa vikubwa, vikafaa wenye magari. Maji na barabara za uhakika vilichelewa. Na baadhi ya wanunuzi walivishikilia kwa miaka wakisubiri bei ipande, huku familia zenye shida ya kujenga zikiendelea kununua viwanja vya kupimwa kwa miguu Chanika na Msongola. Na hata tukihesabu mafanikio yote, jiji linaloongeza takriban kaya 25,000 kila mwaka lilifanya kazi ya namna hiyo mara moja.

Hapo ndipo penye jibu kwa wanaosema viwanja vitaishia mikononi mwa walanguzi. Vitaishia huko vikiwa vikubwa na vya msimu. Kiwanja cha mita za mraba 200 au 300 hakimvutii mtu anayetaka kuweka fedha akiba kwa ajili ya jumba la kifahari, lakini kinatosha nyumba ya vyumba vitatu, karo na mti wa mwarobaini. Mnunuzi akijua kwamba mwaka ujao vitapimwa vingine maelfu jirani yake, kushikilia kunakosa faida. Zaidi ya hayo, hati huja na sharti la kuendeleza kiwanja, kwa kawaida ndani ya miezi 36. Sharti hilo lisomwe kwa namna mbili: likazwe kwa anayemiliki viwanja vitano vyenye vichaka, lilegezwe kwa anayepandisha kuta zake polepole, maana boma lenye lenta ni uendelezaji kamili kwa mtu wa kipato chake. Na hati iandikwe majina ya mume na mke wote wawili tangu siku ya kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 tayari inamkataza mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Jina kwenye hati linaupa ulinzi huo mguu wa kusimamia.

Pingamizi la uzito zaidi ni la umbali. Jiji limekwisha kutanuka mno, wanasema wataalamu wa mipango miji. Mtu anayeishi Chanika anatumia saa nyingi barabarani, na kupima viwanja vipya ni kumsukuma mbali zaidi. Wanachopendekeza ni maghorofa. Hofu yao ni ya kweli, na mtu akipima eneo lisilofikiwa na usafiri anatengeneza umaskini wa aina nyingine. Lakini kutanuka huko kunaendelea hata mpima asipotoka ofisini. Tofauti ni kwamba bila yeye jiji linatanuka bila barabara. Isitoshe, mtaa wa viwanja vidogo una watu wengi kwa ekari moja kuliko mtaa wa viwanja vikubwa unaoitwa wa kisasa. Kuhusu ghorofa, tazama Kariakoo. Mitaa yake ilichorwa kwa mistari iliyonyooka enzi za ukoloni, ikajengwa nyumba za Kiswahili za chini, za vyumba sita na ukumbi katikati. Leo palepale yamesimama maghorofa, na barabara ni zilezile. Sinza nayo imeanza safari hiyo. Kiwanja kilichopangwa vizuri kinamruhusu mjukuu aende juu fedha zikipatikana. Mtaa uliosongamana bila mpango unamfungia njia. Kwa hiyo bikoni zifuate njia za mabasi, zianzie pale ambapo mwendokasi na barabara kuu zinafika au zimepangwa kufika, na kila eneo jipya liwe na nafasi ya shule, zahanati, soko na kituo cha daladala kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa.

Wapo pia wanaouliza kwa nini kila mtu lazima amiliki. Kupanga si aibu, na kwa kijana aliyeingia mjini jana kupanga ndiko kunakomfaa. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo maana hoja ya viwanja inawahusu wapangaji pia. Vyumba vinavyopangishwa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa havimilikiwi na makampuni. Ni vya mwenye nyumba anayekaa chumba cha mbele na kupangisha vingine, au mjane aliyejenga milango minne uani ili imtunze uzeeni. Kila kiwanja kidogo kinachopimwa leo ni vyumba viwili au vitatu vya kupanga miaka kumi ijayo. Vyumba vikiwa vingi, mwenye nyumba anapoteza ubavu wa kudai kodi ya mwaka kwa mkupuo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na naamini kuna haja ya sheria mpya itakayoifanya kodi ilipwe kwa mwezi au miezi mitatu. Lakini sheria hiyo itatiiwa kwa hiari tu pale mpangaji atakapokuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Linabaki jambo la wenye mashamba. Pembezoni mwa jiji hakuna ardhi isiyo na mwenyewe, na mpango unaomnyang'anya mkulima wa Msongola ili kumpatia kinyozi wa Temeke unahamisha shida tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na pasipo hilo mradi wowote unastahili kupingwa. Njia bora mara nyingi ni ubia: shamba linapimwa, mwenyewe anabaki na sehemu ya viwanja vilivyopimwa ambavyo vina thamani kuliko shamba zima la awali, na vingine vinauzwa kulipia barabara na upimaji. Wananchi wenyewe nao wanaweza kuanza. Familia zilizohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari zilijiunga kwenye vikundi vya kuweka akiba, zikanunua ekari 30 huko Chamazi, zikaunda ushirika na kujenga nyumba ndogo kwenye viwanja vidogo, kwa hatua. Haikuwa rahisi, gharama zilipanda na si wote waliomudu marejesho, lakini walionyesha kwamba watu wa kipato cha chini wakiwa na ardhi iliyopangwa hujenga mtaa, siyo vibanda.

Mkopo nao unarudi mahali pake panapostahili ukiwa mdogo. Ile hatua ya kupaua, inayowasimamisha wengi kwa miaka, inaweza kufunguliwa kwa shilingi milioni 5. Kwa riba ya asilimia 18 na miaka mitatu, rejesho ni karibu 181,000 kwa mwezi, jirani kabisa na kodi ya chumba na sebule tuliyoanza nayo. Tofauti ni kwamba siku bati likipigwa kodi inakoma, na baada ya miezi 36 rejesho nalo linakoma. SACCOS na benki za wananchi zinaweza kutoa mikopo ya aina hiyo kwa hatua, msingi, kuta, paa, endapo kiwanja kina hati inayoaminika. Bila bikoni, hata mkopo huu mdogo unajengwa juu ya karatasi ya mauziano.

Rudi basi kwenye familia ile inayomkabidhi mwenye nyumba 900,000 kila baada ya miezi sita. Tuseme halmashauri imepima kiwanja cha mita za mraba 300 na kukiuza kwa shilingi 15,000 kwa mita, kwa awamu. Ni milioni 4.5, sawa na kodi ya miaka miwili na nusu. Hawataikwepa kodi wakati wanalipa, na watajibana sana. Kisha wataanza kama wengine walivyoanza, kwa tripu ya mchanga. Mtoto aliyekuwa chekechea siku bikoni inawekwa huenda akamaliza kidato cha nne kabla dari haijapigwa, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Matofali, bati, milango na vigae watavipata wenyewe, kimoja baada ya kingine. Barabara iliyo mbele ya nyumba ndiyo inayopaswa kuwepo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ndicho kitu ambacho familia hiyo, hata ikijibana vipi, haiwezi kujijengea.